Kiboko na Jina Lililotangulia

“Jamani, nina ngano!”
“Ilete!”
“Imekuja kwa miguu!”
“Ipewe kiti!”
“Ina uongo ndani!”
“Tuuonje!”
“Ina na wakubwa ndani!”
“Hao ndio uongo wenyewe!”

Haya, sogeeni.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanasema na kusikilizana, palikuwa na bwawa liitwalo Kinyondo, na bwawa hilo lilikuwa na Kiboko. Au Kiboko ndiye aliyekuwa na bwawa. Inategemea umemuuliza nani. Ukimuuliza Kiboko, utaulizwa wewe unatoka wapi.

Alikuwa mlinzi wa bwawa. Mpana, mzito, mwenye kinywa ambacho akipiga mwayo unaona chakula cha juzi. Maji yakijaa, mlinzi alikuwa hana neno. Kiangazi kikifika, maji yakapungua, mlinzi alikunywa kwanza, akaoga kwanza, akalala humo humo mpaka jua likachoka. Akitoka, puuuh, wengine walikuta tope. Na mwisho kabisa wa foleni walisimama pimbi, wale wadogo wa mwambani, wanene kidogo, mkia hawana. Tembo alipata tope la maji. Nyani alipata tope la tope. Pimbi waliramba kilichobaki kwenye nyayo za wenzao. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu, na watoto wa pimbi walikuwa wakikohoa vumbi.

Sasa, bwawa lile lilikuwa na Kanuni. Zilikuwa kumi na mbili, zimechorwa kwenye jiwe pana kando ya maji, na desturi ilikuwa hivi: kila asubuhi, kabla mnyama yeyote hajatia mdomo majini, karani azisome zote kwa sauti. Karani alikuwa Bi Pimbi, mdogo kuliko kwato ya Nyati, sauti yake nyembamba kama filimbi.

“Sisi wanyama wa Kinyondo,” husoma Bi Pimbi, “kwa jina la Muumba, mwenye maji na mwenye wenye kiu...”

Hapo penye jina, wote huinama. Twiga hushusha shingo yake yote, sssss, mpaka chini. Nyati hushusha pembe, ndi. Nyani hufumba macho, moja zaidi kuliko la pili.

Na Kiboko? Kiboko moyo humwenda kwi, kwi, kwi.

Maana yeye hakuna aliyewahi kumwinamia. Walimpisha, ndiyo. Walimkimbia, ndiyo. Walimpa salamu kwa mbali wakiwa wameshageuka nusu. Lakini kupisha si kuinama, na Kiboko alijua tofauti yake mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo kila asubuhi, jina lile likitajwa tu, alifanya kitu kimoja. Puuuh! akapuliza. Chubwi! akazama. Na kiboko akizama masikio yake hujifunga yenyewe, pa! Akikaa huko chini, anahesabu samaki, anakuja juu karani ameshamaliza.

Miaka yote hiyo alilinda Kanuni kumi na mbili, na alichokuwa anakijua ni mstari mmoja na nusu.

Siku moja Kiboko alitoka kwenda malishoni mwenyewe. Akang'oa majani mabichi, akachagua yale laini, akayabeba kinywani bila kumeza, jambo ambalo kwa kiboko ni mapenzi makubwa. Akayaweka mbele ya mkewe, Mama Tope.

“Kula, mke wangu.”

Mama Tope akala. Nyam, nyam, nyam. Akamaliza, akajifuta mdomo kwenye maji, akatazama juu.

“Ahsante, Muumba.”

Kiboko akasubiri. Hakuna kilichofuata.

“Mama Tope.”

“Abee, Baba Tope.”

“Majani hayo kaleta nani?”

“Wewe.”

“Kayabeba nani, jua kali namna hii?”

“Wewe, mume wangu.”

“Na aliyeshukuriwa ni nani?”

Mama Tope akamwangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji. “Sasa Baba Tope, na wewe unataka kushindana na nani?”

Usiku ule na mchana uliofuata Kiboko hakula. Wivu ulikuwa umeshamjaa tumboni, na tumbo la kiboko si dogo. Akaenda kwenye jiwe la Kanuni.

“Shikamoo, mzee,” akasema Bi Pimbi.

“Marahaba. Hilo jina litoke.”

“Jina lipi, mzee?”

“Unalijua. Hilo linalotangulia.” Kisha Kiboko akakohoa, akasimama kama wanavyosimama wakubwa wanapotaka kusema kitu ambacho sicho. “Si kwa ajili yangu, uelewe. Mimi nina nini? Ni suala la misingi. Bwawa ni la wote. Mchwa wana malkia wao. Mamba haamini kitu asichoweza kukitafuna. Kwa nini Kanuni ya wote iwalazimishe wote jina la mmoja? Ni uonevu. Naumia sana kwa ajili ya mchwa.”

“Umewauliza mchwa?”

“Mchwa wana shughuli.”

“Naam,” akasema Bi Pimbi, “misingi.” Akakwaruza sikio. “Nitakufungulia kesi, mzee, na nitakusimamia mwenyewe. Ila kuna kitu kinanisumbua. Jina likitoka, pale litakapokuwa limetoka patabaki kitundu.”

“Kibaki.”

“Sasa wanyama wameshazoea kuinama pale. Nikifika pale, nikinyamaza kidogo, watainama tu. Watakuwa wanakiinamia kitundu.”

Kiboko akaona picha yote. Twiga, sssss, shingo mpaka chini, mbele ya kitundu. Nyati na pembe zake. Mama Tope na macho yake juu. Ndugu zangu, akakionea wivu kitundu.

“Kitundu kizibwe!”

“Kwa nini, mzee? Kwa kitu gani?”

“Kwa kitu... kizito.”

“Kizito kama jiwe?”

“Zaidi.”

“Kizito kama Tembo?”

“Tembo hakai majini.”

“Ahaa. Kitu kizito, kinachokaa majini.” Bi Pimbi akafikiri sana, au akafanya uso wa kufikiri sana. “Mamba?”

“Bi Pimbi!”

“Nimekupata, mzee. Niandike jina lako pale mwanzoni.”

“Kila mahali!” Kiboko sasa alikuwa ameshasahau mchwa. “Kila yule alipoandikwa, afutwe, niandikwe mimi. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Asiachiwe hata nukta.”

“Kila alipoandikwa,” akarudia Bi Pimbi, akiandika. “Na asiyezifuata Kanuni zikishakuwa na jina lako?”

“Atolewe bwawani.”

“Hata akiwa mkubwa?”

“Hata awe nani!”

“Nikusomee zote kwanza, kabla hujaweka alama ya mguu?”

“Unisomee mimi? Mimi mlinzi? Nimezilinda kabla mama yako hajapata meno.”

Ndi! akakanyaga. Alama ikakaa, nzuri, ya vidole vinne.

Kesi ikafika mbele ya Jaji Korongo, mwenye upara, mwenye manyoya meusi yaliyomkaa kama joho. Wanyama walijaa. Waliompinga Kiboko waliongozwa na Nyani, ambaye alikuwa mcha Muumba hodari sana, hasa akitazamwa.

“Mheshimiwa!” akalia Nyani, na machozi yakaja pale pale, kwa wakati. “Jina hili ni uti wa mgongo wa bwawa! Likitoka tutakuwa nani? Tutatofautiana nini na samaki? Mababu zetu walilichora wakiwa na kiu, ili sisi tusiwe na kiu!”

“Hoi hoi!” wakaitikia wanyama.

Bi Pimbi akasimama. Hakuna aliyemwona. Akapanda juu ya jiwe, akaonekana masikio.

“Swali moja tu, Bwana Nyani. Kwa jina hilo hilo, ni lini mara ya mwisho ulimpisha pimbi anywe?”

Nyani akajifuta machozi. “Hilo ni suala la pembeni.”

“Ulipomaliza kuinama leo asubuhi, ulimkanyaga nani?”

“Mheshimiwa, nakataa swali!”

“Mtoto wangu,” akasema Bi Pimbi. “Sina swali jingine.”

Wakabishana toka jua kuchomoza mpaka vivuli vikawa vifupi, na toka vifupi mpaka virefu. Ilikuwa kesi ya Kiboko, ila ningependa mjue jinsi ilivyomuuma. Alikuwa anahesabu. Muumba alitajwa mara arobaini na tatu. Kiboko alitajwa mara tatu, na moja ya hizo ilikuwa ‘Kiboko, sogea, unaziba upepo.’

Jaji Korongo akasimama kwa mguu mmoja ili kutoa hukumu. Kiboko akapiga mwayo, taratibu, meno yote nje. Jaji akaitazama kona ya ule mwayo, akatazama na shingo yake mwenyewe, nyembamba.

“Mahakama hii,” akasema, “haiwezi kujua Muumba anataka nini, kwa sababu hakufika, wala hakutuma mtu. Aliyefika ni Kiboko. Jina libadilishwe kila lilipoandikwa. Na adhabu iwe kama mlalamikaji alivyoomba: asiyefuata, nje. Nimesema.”

Ko! akagonga mdomo.

Nyani akamnong'oneza Bi Pimbi kwa uchungu, “Umemuuza Muumba, wewe!”

“Muumba hajawahi kufungua kesi hapa,” akajibu Bi Pimbi. “Sisi mwambani tunamshukuru kila siku, hata bila kusomewa jina lake.”

Kiboko aliyasikia hayo, lakini hayakumwingia. Masikio yalikuwa wazi ila yalikuwa yamejaa jina lake. Na Nyani? Kabla hajafika nyumbani alishaanza kujizoeza kuinama kwa jina jipya. Kushoto kidogo, kulia kidogo, atafute upande unaompendeza.

Siku tatu Bi Pimbi alikwaruza jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku ya nne asubuhi, wanyama wakajaa ukingoni mwa bwawa. Na kwa mara ya kwanza toka awe mlinzi, Kiboko hakuzama. Alisimama katikati ya maji, kifua mbele, masikio juu kama majani.

“Sisi wanyama wa Kinyondo,” akasoma Bi Pimbi, “kwa jina la Kiboko...”

Sssss! Twiga, shingo chini. Ndi! Nyati, pembe chini. Nyani akainama zaidi ya wote, akagusa tope. Hata Mama Tope akainamisha kichwa.

Loo! Kile alichokitamani miaka yote, ndicho hiki, na kilikuwa kitamu kuliko alivyodhani.

“Kanuni ya kwanza. Maji yote ya bwawa hili ni ya Kiboko.”

“Naam!” akanguruma.

“Kanuni ya pili. Kiboko hali, hanywi, wala halali. Kwa hiyo maji yake amewapa wenye kiu, na wadogo waanze.”

“Na... nini?”

“Kanuni ya tatu. Kiboko haonekani kwa macho. Atakayeonekana majini akisema yeye ndiye Kiboko, huyo ni laghai.”

 Wanyama wengine nao, mkumbuke, walikuwa wamezisikia Kanuni hizi kila asubuhi na wakazisahau kila asubuhi, kwa sababu hazikuwa na adhabu.

“Kanuni ya nne. Mwenye shida amlilie Kiboko saa yoyote. Kiboko hachoki.”

“Kiboko!” akaruka Mbuni. “Yai langu halijapasuka, siku ya hamsini leo!”

“Kiboko!” akaita Nyumbu. “Mvua! Lini?”

“Kiboko wangu mpendwa,” akasema Nyani, “naomba faragha, ni kuhusu upara wangu wa nyuma.”

“Nyamazeni!” akapiga kelele Kiboko. “Bi Pimbi! Hii ni nini?”

“Kanuni, mzee. Zile zile. Sijaongeza, sijapunguza. Kila alipoandikwa yule, nimekuandika wewe, mwanzo mpaka mwisho.”

“Mimi nanywa! Mimi nalala! Mimi naonekana! Nitazame!”

“Ninakutazama, mzee, na ndiyo shida yenyewe.” Bi Pimbi akashuka kwenye jiwe, akamsogelea mpaka ukingoni, akasema kwa sauti ya karani, isiyo na moto wala baridi. “Mimi ni wakili wako, acha nikuambie ukweli. Una njia mbili. Ya kwanza, useme sasa hivi mbele ya wote kwamba jina hili si lako na halikukufaa. Tutalirudisha lilipokuwa. Utakaa majini kama mnyama mwingine yeyote, utakunywa wadogo wakishakunywa. Ya pili, jina libaki lako, na wewe utoke.”

Kiboko akayatazama maji. Yalikuwa yanamgusa tumboni, baridi, yakicheza. Nyuma yake, pimbi wadogo walikuwa wamejipanga, wakikohoa. Kusema ukweli palikuwa na chaguo moja tu la mnyama mwenye akili, na kila mtu pale alilijua.

Kiboko akamtazama Twiga. Twiga alikuwa bado ameinama. Shingo ile ikishashuka, kuinuka ni kazi.

“Nikilirudisha,” akauliza polepole, “kesho atainamiwa nani?”

“Muumba, mzee.”

“Na nisipolirudisha?”

“Kiboko.”

Kwi, kwi, kwi, ukafanya moyo.

Akatoka. Mguu mmoja, mguu wa pili, wa tatu, wa nne, maji yakimmiminika, chwaa. Akapita katikati yao, akaingia kichakani, kishindo kikapotea. Maji yakashuka kidogo, yakatulia, yakawa meupe mpaka chini ukaona mchanga. Pimbi wakaanza. Walikunywa mpaka wakasahau kukohoa.

Kichakani maisha hayakuwa mabaya kama mnavyodhani. Yalikuwa mabaya zaidi. Jua lilimpasua ngozi. Alikula majani kwa kujificha, akitafuna kwa upande mmoja ili mlio usisikike. Kunywa, alikunywa kwenye kidimbwi cha tope nyuma ya mwamba, akiliramba kwa ulimi mpana. Lakini kila asubuhi alisogea karibu, akatega masikio, na jina lake likasomwa, na sssss ya Twiga ikamfikia, naye akasema moyoni, hapo sawa, nimeshinda.

Mpaka siku moja Mama Tope akaja kuoga upande ule wa kichaka.

Alioga vizuri. Akanywa. Akatazama juu, na akasema kwa sauti ambayo Kiboko, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuisikia, laini, yenye asali:

“Ahsante, Kiboko. Mwema wewe. Usiyekula, usiyelala, uliyetupa maji. Nakupenda mpaka basi.”

Kiboko akasogea ukingoni mwa kichaka.

“Mama Tope!” akanong'ona kutoka kichakani. “Ni mimi!”

“Mimi nani?”

“Kiboko!”

“Kiboko haonekani.”

“Si nimejificha? Hunioni!”

“Mh. Kiboko hana sauti ya kukwaruza hivyo.” Mama Tope akajimwagia maji begani. “Wewe ni msafiri tu, kaka yangu, una kiu. Mwombe Kiboko, atakupa. Huyu hana choyo.”

“Ni mwema kuliko mumeo?”

“Mume wangu?” akasema Mama Tope, na kama alicheka Kiboko hakuona, majani yalimziba. “Mume wangu alikuwa anakoroma. Huyu halali kabisa.”

Akaondoka, akiimba.

Kiboko akabaki amesimama. Wivu ukaanza vidoleni, ukapanda magotini, ukafika tumboni, ukavimba, ukapita kifuani, ukatoka puani, puuuh! Wivu aliomwonea Muumba ulikuwa mchezo wa watoto. Huyu Kiboko ni nani? Anayependwa hivi? Anayeinamiwa na Twiga, anayeliliwa na Mbuni, anayeimbiwa na mke wa mtu? Ana nini yeye? Amebeba majani lini?

Akakimbia mpaka mwambani, hakujali nani anamwona. Bi Pimbi alikuwa juani na watoto wake, matumbo yao yamekaza kama vibuyu.

“Nataka kufungua kesi!”

“Dhidi ya nani, mzee?”

“Kiboko!”

Bi Pimbi hakucheka. Karani mzuri hacheki. Akachukua kijiwe chake cha kuandikia.

“Kosa lake?”

“Kachukua bwawa langu. Kachukua heshima yangu. Sasa anamchukua mke wangu!”

“Unaomba mahakama imfanye nini?”

“Imtoe majini!”

“Hayumo majini, mzee.”

“Basi imtoe huko aliko!”

“Aliko ni kichakani, ameungua na jua, anaramba tope.”

Kiboko akafikiri. Kwa mara ya kwanza siku nyingi, alionekana ameridhika.

“Vizuri,” akasema. “Aendelee hapo hapo.”

Akageuka, akarudi kichakani, kuhakikisha.

Ngano yangu nimeitua. Aliyeipenda ajitwike, asiyeipenda apishe njia, na aliyesinzia ataitunga mwenyewe.

Mnataka na funzo? Funzo lipo. Wivu ni kitu chema, na wakubwa wahimizwe kuwa nao. Bila wivu wa mkubwa, wadogo wa Kinyondo wangekufa kwa kiu. Mkubwa akitaka jina lake liandikwe mahali, msimbishie: liandikeni kote. Tena sheria msizisikilize mpaka mwisho, mwisho wa sheria huharibu starehe. Na pimbi ni mnyama mbaya sana. Msije mkamwiga.